Mjumbe Hauawi, Lakini Huulizwa

Katika lugha yetu neno mjumbe lina maana mbili, na kila mtu azijua zote. Mjumbe ni mtu apelekaye habari ya mwingine mahali ambapo mwenyewe hawezi kufika. Na mjumbe ni mtu akaaye katika baraza kwa niaba ya wale waliomchagua. Maana ya pili imezaliwa na maana ya kwanza, lakini siku hizi yaonekana kuwa mtoto amemsahau mzazi wake. Mjumbe wa kwanza akitumwa hurudi, akasema: nilifika, nilisema hivi, nilijibiwa hivi. Asiporudi hutafutwa. Mjumbe wa pili akitumwa huenda Nairobi kwa muda wa miaka mitano, na arudipo huja na mahema, vipaza sauti na magunia ya mchele, wala hapana amwulizaye alisema nini kule alikopelekwa. Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Hawakunena kuwa mjumbe haulizwi.

Nataka kulisema jambo hili kwa mfano wa Kinna, kwa sababu lisemwapo kwa jumla kila mtu huitikia kwa kichwa, na lisemwapo kwa jina la mahali huanza kuuma. Kinna ni mji mdogo wa Garbatulla katika kaunti ya Isiolo, jirani na Mbuga ya Taifa ya Meru. Wakazi wake wengi ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na baadhi yao hulima kwa maji ya mifereji. Kinna, Garbatulla na Sericho ndizo kata tatu zifanyazo eneo bunge la Isiolo Kusini. Mwaka 2013 eneo hilo lilimchagua Abdullahi Jaldesa. Mwaka 2017 likamchagua Abdi Koropu Tepo. Mwaka 2022 likamchagua Mohamed Tubi Bidu. Chaguzi tatu zilitoa watu watatu. Siwasemi mabwana hawa kwa wema wala kwa ubaya. Maneno yangu yahusu kiti, si mtu aliyekikalia. Lakini maadam kiti kilibadilishwa mkaaji kila mara, yafaa tuwaulize wapiga kura: mlibadilisha kwa hesabu gani? Je, mlikuwa mmesoma kura alizopiga mtu huyo Bungeni, mkaziona mbaya? Au mlibadilisha kwa kuwa ukoo fulani ulisema zamu yake imefika, na kwa kuwa aliyetangulia hakuonekana mazishini?

Natambua kuwa swali hili litawachukiza wengine. Watasema kuwa mwandishi awadharau wafugaji, kana kwamba hawajui kuhukumu uongozi. Mimi nadai kinyume chake. Hapana watu katika Kenya waliopata mafunzo ya kale zaidi ya kumdai kiongozi hesabu yake. Penye kisima, Waborana wana utaratibu wa zamu ya kunywesha uitwao herega, na msimamizi wake hujua mifugo ya nani hunywa leo na ya nani hunywa kesho kutwa. Akimtanguliza rafiki yake kinyume cha zamu, habari hufika kila boma kabla ng'ombe hawajaondoka kisimani. Katika malisho kuna baraza la wazee wa dedha, walindao nyasi za kiangazi zisiliwe wakati wa masika. Mzee wa dedha akiruhusu mifugo ya wageni kuingia kabla ya wakati, haingojwi miaka mitano ndipo aulizwe. Huulizwa jioni ile ile, mbele ya watu. Na juu ya yote upo mkutano mkuu wa Waborana uitwao Gumi Gayo, ufanywao nchini Ethiopia kila baada ya miaka minane, ambamo sheria hutajwa upya na viongozi hupimwa. Kiongozi aliyeharibu aweza kuondolewa kabla ya muda wake kwisha, na neno lao kwa kitendo hicho maana yake ni kung'oa. Watu wenye urithi kama huo hawafundishwi maana ya uwajibikaji na mtu yeyote kutoka mjini. Basi kinachostaajabisha ni hiki: kwa nini macho makali namna hii yamwangaliayo msimamizi wa kisima yafumbwe yamwangaliapo mbunge?

Jibu langu ni kwamba tumefundishwa kumpima mbunge kwa kazi isiyo yake. Ingia katika mkutano wowote wa kampeni, usikilize sifa zitolewazo. Huyu alitoa basari. Huyu alichimba kisima. Huyu alileta tangi la maji wakati wa ukame. Huyu alikuja kwa mazishi ya mzee fulani na akaacha ubani mzuri. Katika sifa hizo zote hakuna hata moja ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja kuwa kazi ya mbunge. Katiba yasema kuwa Bunge la Taifa huwawakilisha watu wa maeneo bunge, hujadili na kutatua mambo yawahusuyo, hutunga sheria, huamua mgawanyo wa mapato baina ya ngazi za serikali, huidhinisha matumizi ya fedha za umma, na huisimamia serikali. Hayo ndiyo aliyotumwa. Mtu uliyemtuma dukani kununua sukari, akarudi bila sukari lakini akakuletea peremende kwa fedha zako mwenyewe, hukumshukuru kwa ukarimu.

Kwa fedha zako mwenyewe, nasema, kwa kuwa hapa ndipo penye hila kubwa. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, na kupitia hazina hiyo karo za watoto wengi zimelipwa na madarasa mengi yamejengwa. Sikatai manufaa hayo. Lakini mtoto wa Kinna aliyelipiwa karo hakulipiwa na mbunge. Amelipiwa kwa kodi ambayo baba yake ameitoa katika sukari, majani ya chai, mafuta na vocha ya simu. Mbunge amekuwa kama mtu apokeaye zawadi mlangoni, akaifunga upya kwa karatasi yenye jina lake. Mahakama ya Juu, mwezi wa Agosti 2022, ilihukumu kuwa sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba. Na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatoa hukumu kama hiyo juu ya sheria ya mwaka 2015 iliyoirithi. Sababu yao, kwa lugha nyepesi, ni kwamba mtu mmoja hawezi kuipigia kura bajeti, kisha akashika mfuko, kisha akajisimamia mwenyewe kuona kuwa mfuko haukuibwa. Wabunge walipiga kelele nyingi juu ya hukumu hizo. Natamani wangepiga kelele nusu ya hizo kwa ajili ya mambo waliyotumwa.

Tuyaangalie basi mambo waliyotumwa, tuone kama ni hewa tupu au ni mkate wa watu.

Mwaka 2019 Bunge la Taifa na Seneti zilibishana kwa miezi juu ya fedha za kupelekwa kaunti zote 47. Maseneta walitaka shilingi bilioni 335. Bunge la Taifa lilitaka pungufu ya hizo. Na mwezi wa Septemba wakapatana kwa bilioni 316.5. Tofauti ya bilioni 18.5 ni maneno ya magazetini kwa mtu asiyeugua. Lakini zahanati na vituo vya afya ni kazi ya kaunti. Maji ya vijijini ni kazi ya kaunti. Daktari wa mifugo na chanjo ya mbuzi ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo inawezekana kabisa, hata kama sisemi kuwa mtu fulani alifanya hivyo, kwa mbunge kupiga kura Jumanne ya kupunguza fedha ziendazo katika zahanati ya mji wake, na Jumamosi akaja mji huo huo na katoni tatu za dawa, akapigiwa vigelegele. Asiyesoma kura ataona katoni tu.

Lakini mfano huo ni mdogo ukilinganishwa na ule ambao kila mzee wa Isiolo anaujua mwilini mwake. Vita vilivyoitwa vita vya Shifta vilianza mwaka 1963 na kumalizika mwaka 1967. Hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini katika mwezi wa Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. Watu wa Isiolo walikusanywa na kuwekwa katika vijiji vya kulindwa, Garbatulla, Merti na Modogashe, wasitoke na mifugo yao kwenda malishoni kama ilivyokuwa desturi. Mnyama aliyeumbwa kufuata mvua hawezi kuishi akizungushiwa mpaka. Basi mifugo ilikufa njaa, mingine ilipigwa risasi, mingine ilichukuliwa, na jamaa zilizokuwa na ngamia wasiohesabika zikawa zangoja posho. Waborana wameziita siku hizo Gaaf Daba, siku za kusimamishwa. Palikuwa na mauaji, palikuwa na mateso, palikuwa na wanawake walioaibishwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari hizo kwa urefu katika ripoti yake iliyokabidhiwa mwezi wa Mei 2013, na asomaye kurasa zile hafungui chakula chake upesi.

Sasa sikiliza. Vita vilipokwisha, mtu aliyepoteza ngamia wake mia au ndugu yake wa pekee angeweza kudhani kuwa, kwa kuwa nchi ni huru na mahakama ni zake, aende akamshtaki aliyemdhulumu. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Kinga. Sheria hiyo ilizuia mashtaka mahakamani dhidi ya serikali na watumishi wake kwa mambo yaliyotendwa katika Mkoa wa Kaskazini-Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, tangu tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967, madhali yalitendwa kwa nia njema katika kutuliza nchi. Ni nani atakayepima nia ya mtu ambaye huruhusiwi kumpeleka mbele ya hakimu? Mlango wa mahakama ulifungwa, na kufuli yake ilikuwa kura.

Naomba msomaji akae kidogo juu ya jambo hili, maana ndilo kiini cha hoja yangu. Sheria ile haikuanguka kutoka mbinguni kama mvua ya mawe. Ilipigwa chapa kwanza kama mswada. Ikasomwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Katika kila hatua Spika alisimama akauliza kama wajumbe wanakubali au wanakataa. Watu wenye majina, wenye maeneo, waliotumwa na wengine, walikuwa wamekaa katika viti vyao, au viti vyao vilikuwa vitupu. Kila mmoja alikuwa na kinywa. Mwaka 2010, miaka 40 baadaye, Bunge lilipitisha mswada wa kuifuta sheria hiyo, lakini Rais hakuutia saini. Ni kura tena. Ilihitaji mtu wa kuuleta mswada, watu wa kuutetea, na watu wa kukaa ndani ya ukumbi jioni ile badala ya kwenda nyumbani. Na saini ilipokataliwa, ilihitaji watu wa kuuliza kila wiki: mswada wetu umelala wapi? Mzee wa Kinna aliyezikwa bila kusikilizwa na hakimu hakunyimwa haki hiyo na ukame wala na umbali wa barabara. Alinyimwa na hesabu ya ndiyo na la katika chumba ambacho hakuwahi kukiona. Na bado tuambiwe kuwa mambo ya Bungeni ni mambo ya Nairobi, na sisi tutazame mchele!

Vijana waliielewa hoja hii mwaka 2024 bila kufundishwa na mwalimu. Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliposomwa mara ya pili, tarehe 20 Juni, wajumbe 204 waliukubali na 115 waliukataa. Viti vya Bunge la Taifa, pasipo Spika, ni 349. Hivyo watu kadiri ya 30 hawakuhesabiwa upande wowote. Siku zile orodha ya majina ilienda mkono kwa mkono na simu kwa simu, na wabunge waliozoea kupigiwa simu za kuombwa nauli wakapigiwa simu za kuulizwa kura. Tarehe 25 Juni mswada ulipitishwa mara ya mwisho. Siku hiyo hiyo umati uliingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa kwa risasi barabarani. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Sisifu moto wala mawe. Nasema tu kuwa kwa mara ya kwanza katika umri wa vijana wengi, kura ya mbunge ilisomwa kabla haijapoa. Na nauliza kwa nini ilazimu damu imwagike ndipo tusome kitu ambacho huandikwa kila siku ya kikao.

Huandikwa, naam. Bunge lina Taarifa Rasmi, iitwayo Hansadi, ambamo maneno ya kila mjumbe huwekwa. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana kwanza mwezi wa Agosti 1907, na tangu wakati wa wakoloni hadi wetu, mtu aliyesimama akanena ameacha alama. Wapo raia waliojitwika kazi ya kuzihesabu alama hizo. Mwaka 2005 Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo kwa ajili ya kuwafuatilia wabunge, na baadaye shirika hilo likawa likitoa kila mwaka orodha ya waliosema sana na wasiosema kabisa. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini nina ugomvi mdogo na wapendao orodha hizo kupita kiasi. Debe tupu haliachi kuvuma. Mtu aweza kusimama mara 100 kumpongeza Spika, kumpa pole mwenzake aliyefiwa, na kuwakaribisha wanafunzi waliokuja kutazama kikao, akawa wa juu katika orodha. Na mwingine akasimama mara nne tu, akaondoa kifungu kimoja kibaya katika sheria ya ardhi ya jamii. Mfugaji hahesabu mara ng'ombe alizolia, hutazama maziwa. Kwa hiyo atakaye kumpima mbunge asitosheke na idadi. Afungue ukurasa, asome maneno yenyewe, kisha aulize: baada ya maneno hayo, kura yake ilienda wapi?

Na hapo atakutana na kizuizi ambacho wengi hawakijui. Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika huuliza, wanaokubali husema ndiyo, wanaokataa husema la, na sikio la Spika huamua. Majina hayaandikwi. Ili majina yaandikwe lazima pawe na mgawanyiko wa kura, na mgawanyiko huo, isipokuwa sheria yenyewe iutake, hudaiwa na wajumbe wa idadi iliyowekwa na kanuni. Hivyo kura ya sauti ni msitu mzuri kwa mtu atakaye kujificha: Kinna ataambiwa nilikataa, na kiranja wa chama ataambiwa nilikubali, na wote wawili hawana la kumshtaki. Tena Katiba yatosheka na wajumbe 50 kuwa akidi ya Bunge la Taifa. Fanya hesabu: katika kikao cha watu 50, watu 26 hutosha kupitisha jambo katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu 47,564,296 mwaka 2019. Je, mjumbe wako alikuwa mmoja wa wale 26, au wa wale 24, au alikuwa hotelini? Naona kuwa mbunge mwaminifu angekuwa wa kwanza kudai mgawanyiko kila siku ya jambo zito, kama vile mfanyabiashara mwaminifu atakavyo mizani iwekwe mbele ya mnunuzi.

Wapo watakaosema kuwa mjumbe wa Isiolo Kusini ni mmoja tu kati ya 349, na kuwa tone moja halijazi mtungi. Ni hoja ya mtu mvivu. Mwaka 1944 Eliud Mathu aliingia Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza na wa pekee mle ndani. Hakuwa na wingi wa kushinda kura yoyote, lakini alisimama akaukabili mfumo wa kipande mbele ya wale wale waliouweka. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, nao walikuwa wanane tu, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Wanane hao walikataa vyeo vya uwaziri walivyotengewa, wakaikataa katiba iliyovileta, na mwaka 1958 viti vya Waafrika vikawa 14. Kama tone moja lisingekuwa na maana, Waingereza wasingehangaika kulifunika.

Wengine husema kuwa mbunge hufungwa na chama chake: kiranja akiamuru, hana budi kutii. Hao nawapeleka mwezi wa Juni 1975. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge, alikuwa ameuawa mwezi wa Machi, na Kamati Teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale ikaleta ripoti yake Bungeni. Serikali haikutaka ripoti ile ikubaliwe. Kura zilikuwa 62 kwa 59, na serikali ikashindwa. Masinde Muliro alikuwa waziri. John Keen na Peter Kibisu walikuwa mawaziri wasaidizi. Walipiga kura pamoja na wale 62, wakafukuzwa kazi. Zingatia kuwa tofauti ilikuwa kura tatu, na waliofukuzwa walikuwa watatu. Walijua gharama, wakailipa, na ripoti ikakubaliwa. Zama zile chama kilikuwa kimoja, na Rais wa zama zile hakuwa mtu wa kuchezewa. Mbunge wa leo asemaye kuwa ameogopa kuondolewa katika kamati na kukosa safari ya ng'ambo, na ajilinganishe na watatu wale, kisha aone kama atapata nguvu ya kulirudia neno hilo.

Wala asije mtu akasema kuwa mjumbe wetu hukaa kimya kwa sababu Kiingereza kimemshinda. Udhuru huo ulikufa mwaka 1974, Kiswahili kilipoingizwa katika Bunge la Kenya, na Katiba ya 2010 imekitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Anayeweza kuomba kura kwa Kiswahili katika soko la mbuzi aweza kuitetea Kinna kwa Kiswahili mbele ya Spika.

Kuna hoja moja ya upande wa pili niipayo heshima, kwa kuwa hutolewa na watu wenye njaa, si wenye hila. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosa kunyesha Kaskazini kwa misimu mitano mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ilipangana kandokando ya njia. Mama aliyefiwa na ng'ombe wa mwisho husema: mwanangu, usiniletee habari za Hansadi, niletee maji. Sina moyo wa kumwambia mama huyo kuwa amekosea kupokea maji. Apokee. Lakini mwanawe aliye kidato cha tatu, ambaye amesoma hesabu, ajue kuwa Katiba iliweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, na kuwa Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa kwanza kustahili. Fedha za hazina hiyo haziwezi kutoka ila kwa sheria ya kuidhinisha matumizi iliyopitishwa na Bunge. Kwa hiyo mama aombapo maji, aomba kura, hata kama hajui kuwa ndilo jina lake. Lori moja la maji hunywewa kwa siku mbili. Fungu katika bajeti hunywewa miaka.

Sasa nasema na vijana wenyewe, maana wazee wana mazoea yao na wanasiasa wana masikio ya pamba. Katiba imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na imeliamuru Bunge lifanye kazi yake hadharani. Mjumbe asiyehudhuria vikao vinane katika kipindi kimoja bila idhini ya Spika kwa maandishi, wala sababu ya kuridhisha, hupoteza kiti chake. Basi mahudhurio nayo ni jambo la kuulizwa. Haki ya kumwita mjumbe nyumbani kabla ya muda wake imeandikwa pia, ingawa Bunge liliizungushia miiba mingi hata Mahakama Kuu ikabatilisha sehemu za sheria hiyo mwaka 2017. Wajumbe wenyewe ndio waliotunga masharti ya kujiondoa. Hakuna fisi aliyewahi kulijenga zizi likawa imara.

Darasa moja la sekondari hapo Kinna laweza kuchagua sheria moja kwa kila muhula: sheria ya fedha, au ya mgawanyo wa mapato, au yoyote igusayo mifugo na ardhi. Lisome mjumbe alisema nini juu yake. Kama kulikuwa na mgawanyiko, litazame jina lake liko upande gani. Kama hakuna jina, liandike kuwa hakuna. Karatasi hiyo isomwe siku ajapo kugawa basari, kwa adabu, mbele ya wazazi, kwa sauti ya mtoto mmoja. Asipokuja, iko njia nyingine. Kifungu cha 119 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kuliomba Bunge kwa maandishi litunge sheria, liirekebishe au liifute. Ombi hilo hupelekwa kwa Karani wa Bunge, na laweza kuandikwa kwa Kiswahili.